Mshono Kwenye Mbilingani

Ukimuuliza Fundi Mkasi ni kitu gani kinachomkosesha raha uzeeni, hatakutajia magoti wala mgongo. Atakuambia ni mke wake kuchelewa. Si kuchelewa kurudi sokoni, wala kuchelewesha chakula, la. Kuchelewa kuja anapoitwa kuangalia ndege au mnyama. Tangu wafunge duka lao la ushonaji mjini na kuhamia shambani, miaka miwili sasa, Fundi ameita mpaka koo limemkauka, na kila mara mke wake amefika tawi likiwa bado linatikisika na aliyekuwa juu yake ameshakwenda zake.

Nguchiro alipita uani na watoto wanne nyuma yake, wamejipanga mstari kama wanafunzi. Fundi akaita. Kutoka ndani ikaja ile sauti anayoijua: "Namalizia!" Kenge alipanda juu ya paa la bafu, akajianika pale robo saa nzima, na kenge si mnyama wa haraka. "Namalizia kidogo!" Kigogota alikuja kwenye nguzo ya ua, akagonga weee mpaka mtu angedhani ameitwa kutengeneza mlango. Mke wake akatokea na sindano imechomekwa kwenye gauni kifuani, anapangusa mikono, anauliza yuko wapi. Ameondoka. "Basi kesho," anasema, na kurudi ndani. Hilo "basi kesho" lilimchoma Fundi kuliko kama angetukanwa.

Alijaribu kuelewa, maana mwanamke yule alikuwa hivyo tangu ujana. Dukani, yeye Fundi ndiye aliyekuwa anakata na kushona, ndiyo maana akapewa jina la Mkasi. Mke wake alikuwa anamalizia: matundu ya vifungo, mapindo, kukata nyuzi zilizoning'inia, kupiga pasi. Hakuna nguo iliyotoka dukani pale bila kupita mikononi mwake, na hakuna nguo aliyoiweka chini katikati. Hata siku jiko la duka la jirani liliposhika moto na watu wakatoka mbio barabarani, yeye alifunga kwanza uzi wa kifungo kilichokuwa mkononi, akaukata kwa meno, ndipo akatoka. Sasa mtu wa namna hiyo utamfundisha vipi kwamba ndege hasubiri?

Nyumba yao ya shambani ina vyumba vitatu na veranda, na verandani ndiko ilikokaa cherehani. Kazi ndogondogo bado zilikuwa zinakuja: sare za shule, mapazia, suruali za kupunguzwa kiuno. Fundi alikuwa anashona asubuhi, na ikifika saa nne mke wake anatoka, anamchukulia kitambaa mikononi kwa upole na kumwambia amefanya kazi ya kutosha, apumzishe mgongo, akaangalie ndege wake. Hata daftari alimpa yeye. Lilikuwa daftari la vipimo lililobaki dukani, limechorwa mistari tayari: jina la mteja, kifua, kiuno, urefu, mkono, tarehe ya kuchukua. Fundi hakuona sababu ya kuchora mistari mingine. Akaandika: Kinyonga, urefu inchi saba, mkono inchi moja na nusu, tarehe ya kuchukua, alijiendea mwenyewe. Chozi, yule mdogo anayenyonya maua, kifua rangi ya satini nyekundu, kiuno hana. Pembeni akaongeza safu moja kwa kalamu: Shahidi. Safu hiyo ilikuwa tupu kuanzia ukurasa wa kwanza.

Jambo la pili lililomkera lilikuwa macho. Si macho yenyewe, maneno ya watu juu ya macho. Binti yao wa mwisho ni nesi mjini, na tangu mwaka jana alikuwa ameng'ang'ania kwamba baba yake ana mtoto wa jicho, yote mawili, apelekwe hospitali akafanyiwe upasuaji. Fundi alimwambia macho yake ni mazima, ila viwanda siku hizi vinatengeneza uzi mwembamba kwa ubahili, na sindano matundu yake yametobolewa na mtu aliyekasirika. Taa nazo zimepungua nguvu. Kila kitu kilikuwa kimeharibika isipokuwa yeye.

Jumatatu moja, kwenye saa tano asubuhi, alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya tuta la mwisho la mbilingani, lile la karibu na ua ambalo magugu yalikuwa yamelishinda nguvu. Kitu kidogo kikatua kwenye mche ulio mbele yake, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angekigusa. Alikiona kwa ukungu, maana asubuhi macho yake huwa mazito, ndivyo anavyosema mwenyewe. Mgongo wa kijani, kifua cha kijivu, mkia umesimama juu. Kikaingiza mdomo kwenye ukingo wa jani, kikavuta. Kikahamia jani la pili, kikaingiza, kikavuta.

Fundi akainama mbele kidogo. Yako mengi asiyoyajua hapa duniani, lakini mkono unaovuta uzi anaujua hata umfunge kitambaa usoni. Kuna kuchoma, kuna kuvuta, kuna kile kituo kidogo cha kuangalia kama kitambaa hakijakunjamana. Ndege yule alikuwa anashona. Alikuwa ameleta utando wa buibui, anaupitisha kwenye matundu aliyoyatoboa mwenyewe, anayavuta majani yakutane.

Akaita, kwa sauti ya chini ili asimtishe, kisha kwa sauti ya juu kidogo. "Namalizia!" ikajibiwa. Akaita tena. Mke wake alipofika, mche ulikuwa umetulia.

"Alikuwa anashona," Fundi akasema.

"Nani?"

"Ndege. Anashona majani."

Mke wake akamgusa paji la uso. Kisha akamuuliza kama alikuwa amekunywa chai.

Siku ya pili yake nesi akapiga simu. Alikuwa amepata nafasi kwa daktari wa macho, Jumatatu inayofuata, na angekuja Jumapili na gari kumchukua baba yake. Fundi alichemka. Akamwambia mtu anayeona ndege mdogo kama kidole gumba akishona majani hahitaji daktari wa macho. 

"Baba, ndege anafanya nini?"

"Anashona. Sindano mdomo, uzi utando wa buibui."

Nesi akaomba kuzungumza na mama. Mke wake akaingia na simu jikoni, na Fundi akasikia kila kitu, kwa sababu masikio yake hayakuwa na ugomvi na mtu. Ndiyo mwanangu. Hapana, hajapotea njia. Anakula vizuri. Sijui, labda jua. Fundi akainuka, akaenda kumnyang'anya simu, na hapo hapo akafunga makubaliano na binti yake kama wanavyofunga wateja na fundi: nesi akija Jumapili akaonyeshwa kiota kilichoshonwa, habari ya daktari haitatajwa tena nyumbani humo. Asipokiona, Fundi ataingia kwenye gari bila neno. Nesi alikubali upesi mno. Kwake yeye lilikuwa jambo lililokwisha.

Wacha niseme ukweli ambao Fundi hakumwambia mtu. Alikuwa anaogopa. Amekata vitambaa tangu hajaota ndevu, na anajua kwamba kosa la chaki linafutika lakini kosa la mkasi halifutiki. Mwaka wa kwanza wa duka alikata suti ya bwana harusi, kitambaa ghali, akakata miguu miwili ya kushoto. Mtu mwangalifu, mwenye akili zake, mchana kweupe. Bwana harusi alioa akiwa na suruali ya kuazima. Daktari naye ni mtu mwenye kisu, na kila mtu mwenye kisu ana siku yake ya miguu miwili ya kushoto. Fundi hakutaka siku hiyo imkute yeye amelala chali, jicho wazi.

Kwa hiyo kiota kile ndicho kilichokuwa mtetezi wake, na siku zikaanza kumbana. Jumatano aliamka mapema, akashona shati la sare la mtoto wa jirani upesiupesi ili awahi bustanini. Ndege alikuja mara tatu. Fundi aliita mara tatu. Mara tatu ikajibiwa "Namalizia," na ya tatu mke wake hakutokea kabisa. Jioni Fundi akamwambia kwa hasira kwamba amechoka kusema na ukuta. Kuanzia siku hiyo hatamwita tena, wala hatamwambia kiota kiko mche gani, akae na sindano yake. Mke wake akasema haya. Hata hakubisha. Hilo nalo likamkera.

Alhamisi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ndege yule akiogopa hulia kama mwana-mbuzi aliyepotelewa na mama yake, sauti kubwa kuliko mwili. Siku hiyo alimwona nguchiro kwenye magugu, akalia mfululizo. Jirani yao ni mfugaji, na mfugaji akisikia mwana-mbuzi analia kwenye mbilingani za mtu mwingine hakai. Alivuka ua na fimbo mkononi, akasema amekuja kuchukua mbuzi wake.

Fundi akamwambia si mbuzi, ni ndege.

"Ndege gani analia kama mbuzi?"

"Huyu anayeshona."

Hata alipokuwa anayasema, Fundi alisikia yanavyosikika. Jirani alizunguka tuta zima akipekua kwa fimbo huku Fundi akimfuata nyuma akimsihi asivunje miche, na alipokosa mbuzi akacheka mpaka akashika mbavu. Ndege anashona, ndege analia kama mbuzi, kesho mwite mke wangu aje amkamue. Kufika jioni habari ilikuwa bombani, na waliokuwa wanapanga ndoo foleni walikuwa wanaulizana kama yule ndege anapokea oda za harusi. Fundi hakwenda kuchota maji siku hiyo. Aliona bora kiu.

Ijumaa kiota kilikuwa kimekwisha kusimama. Majani matatu mapana ya mbilingani yamevutwa pamoja, ndani pametandikwa sufi kidogo. Fundi alikipeleleza kwa mbali kama hatua tatu, hakukigusa, maana alijua ndege akishtuka atahama. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alijiona Jumapili akimshika binti yake mkono, anamwinamisha polepole, anamwambia tazama. Na nyuma yao mke wake, amechelewa.

Jumamosi asubuhi akaenda kunyoa nywele madukani, kwa sababu mtu anayekwenda kushinda ni vizuri awe nadhifu. Kinyozi alimkalisha muda mrefu. Aliporudi saa sita mchana hakupitia hata verandani, alikwenda moja kwa moja kwenye tuta.

Majani yalikuwa yamenyooka, kila moja kivyake. Sufi imeanguka chini. Alipiga magoti, akashika jani la kwanza na kulisogeza karibu na uso mpaka likagusa pua. Kwenye ukingo palikuwa na matundu madogo. Aliyahesabu kwa ncha ya kidole: saba. Jani la pili, sita. Hakuna jani lililochanika. Hakuna tawi lililovunjika.

Mtu mwenye hasira haulizi mambo kama hayo. Fundi alivuka ua hadi kwa jirani na kumwambia mbuzi wake wamekula nyumba ya watu. Jirani, aliyekuwa anakula, akamwonyesha mbuzi wote kumi na mmoja wamefungwa tangu alfajiri kwa sababu ya chanjo. Fundi akasema basi ni mtoto wako. Watoto walikuwa shule, masomo ya ziada. Fundi akasema basi ni wewe mwenyewe na fimbo yako. Hapo jirani akaweka kijiko chini, na mambo yangeharibika, ila mke wa Fundi aliita kutoka upande wa pili wa ua. Aliita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Fundi, mwache mtu ale. Nimefumua mimi."

Walikaa verandani. Mbele ya mwanamke palikuwa na kikapu cha mbilingani alizochuma kwa ajili ya mgeni wa kesho. Alieleza kwamba alipofika mche wa mwisho aliona majani yameshonwa, na kumbe ndiyo yale ambayo Fundi alikuwa ameyasema wiki nzima.

"Nikajua umeshona wewe."

"Mimi?"

"Ili mtoto akija uwe na kitu cha kumwonyesha."

Fundi akasukuma kikapu kando. Miaka arobaini na mbili ya ndoa. Hajawahi kumpunja mteja hata robo yadi ya kitambaa, na mke wake ndiye shahidi. Akamuuliza kama hivyo ndivyo anavyomjua, mtu wa kukaa kwenye magugu na sindano ili amdanganye binti yake.

"Ingekuwa ni hilo tu, ningeuacha," mke wake akasema. "Kudanganya kwa sababu mtu anaogopa, mimi sioni vibaya. Hata mimi naogopa hicho kisu."

"Sasa umefumua kwa nini?"

Mwanamke alichukua mbilingani moja, akaifuta kwa kanga, akairudisha kikapuni. Kisha akachukua nyingine.

"Mshono ulikuwa mbaya," alisema. "Ilikuwa bandi, ile ya kushikiza tu, tena ya mtu asiyejua. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepanda juu. Nikasema mtoto akiona hivi hahitaji daktari amwambie kitu. Nikaingia ndani nikachukua wembe. Nilipofika jani la mwisho uzi ukaninata vidoleni, nikaunusa, nikaona si uzi. Lakini nilikuwa nimeshamaliza."

Katika maneno yote hayo Fundi alikuwa ameshika moja.

"Mshono mbaya," alisema. "Ukajua ni wangu."

 Mke wake aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na lile shati la sare la Jumatano. Alikuwa bado hajaligusa, kwa sababu tangu jioni hiyo Fundi hakuita tena, na yeye hakujua ni saa ngapi angeingia ghafla.  Alilikunjua, akamshika mumewe kidole cha shahada, akakiweka kwapani penye mwanzo wa mshono wa ubavu. Fundi akakiteremsha kidole chini polepole. Inchi mbili za kwanza zilikuwa sawa. Baada ya hapo mshono ukaacha mstari wa chaki, ukaenda nje, ukarudi, ukakata kona mahali ambapo shati la mtoto halina kona. Karibu na pindo ulikuwa umetoka kabisa nje ya kitambaa cha nyuma, na hapo palikuwa wazi, kidole kikapita hadi upande wa pili.

"Tangu lini?" akauliza.

Tangu mwaka wa mwisho wa duka. Si kila nguo, kitambaa cheupe alikuwa anakimudu. Bluu na nyeusi, karibu zote. Alikuwa anazifumua na kuzishona upya yeye, kwa mkono, kwa sababu cherehani ingesikika.

"Ndiyo maana ulikuwa unanituma kwenye ndege."

"Ndiyo."

"Na nikikuita?"

"Nilikuwa na nguo yako mkononi, Fundi. Nimeifumua nusu. Ningeiachaje mezani, urudi uikute?"

 Fundi alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Alimkasirikia mke wake kwa kumficha, na papo hapo akaona kwamba kama angemwambia angemtukana. Aliwakasirikia wateja waliomsifu miaka mitatu, wakimwambia "mkono wako bado uleule, Fundi," kumbe wanaisifu kazi ya mtu aliyekuwa ndani anajibu "Namalizia." Aliona aibu, ile aibu ya mtu aliyevuliwa nguo barabarani halafu akaambiwa kwamba hata jana alikuwa hivyohivyo. Hata yule ndege alimkasirikia, kwa kushona vibaya. Kama ungekuwa mshono mzuri, mke wake angejua si wa mumewe. Lilipomfikia wazo hilo, akaona kweli amefika chini.

Jioni walikula. Mke wake alimalizia shati la mtoto mbele yake, mezani, kwa mara ya kwanza bila kujificha, na Fundi akakaa akisikiliza uzi unavyopita kwenye kitambaa.

Jumapili nesi alifika kabla ya saa tano. Alikuwa amevaa viatu vya bustani kabisa, na uso wa mtu aliyejiandaa kwa vita. Akawaamkia, akakataa chai, akasema haya baba, makubaliano ni makubaliano, twende kwenye kiota.

Fundi alikuwa amekaa verandani na mkoba miguuni. "Hakuna kiota," alisema. "Twende zetu."

"Na ndege?"

"Hakuna ndege."

Nesi alishusha pumzi. Ungedhani angefurahi, lakini alikuwa na sura ya mtu aliyesukuma mlango kwa bega kumbe haujafungwa. Akainama kuchukua mkoba.

"Kiota kilikuwepo," mama yake akasema kutoka mlangoni. "Nimekifumua mimi."

"Umefanya nini, mama?"

"Nimekifumua. Kwa wembe."

Nesi akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Akauliza tangu lini na mama naye ameanza kuona vitu. Mama akamjibu kwamba macho yake hayana kasoro, ila anajutia mkono. Akaanza kumweleza habari ya majani matatu na utando na jinsi ulivyonata kwenye wembe, na kadiri alivyoeleza kwa ufasaha ndivyo nesi alivyozidi kukunja uso. Mwishowe binti akasema jambo moja tu, kwamba gari lina nafasi ya kutosha, mama naye aje akapimwe. Mama akakataa, nani atalisha kuku. Fundi alikuwa anasikiliza yote haya akiwa ameshika kichwa. Miaka miwili ametafuta shahidi, na leo amempata, anasema kila neno sawasawa, na hakuna anayemsadiki hata mmoja wao.

"Jicho moja au yote mawili?" akauliza ili kuyakatisha.

"Moja kwanza, baba. La pili baada ya mwezi."

Akaingia kwenye gari mwenyewe. Nesi akazunguka upande wa usukani huku akisema barabara itajaa mchana, waondoke. Mke wake hakuja kuaga dirishani. Alikuwa amekwenda upande wa bustani kufungia kuku, na Fundi akasema moyoni hata leo, hata leo ameshindwa kuacha kazi katikati.

"Fundi!"

Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiyetaka kutisha kitu. Fundi akateremsha kioo. Mke wake alikuwa amesimama kando ya tuta, hajafungia hata nusu ya kuku, na mlango wa banda uko wazi nyuma yake na kuku wanatoka mmoja mmoja.

"Fundi, tazama. Mche wa pili. Ameanza upya."

Nesi aliacha ufunguo, akageuka kutazama. Fundi akatoa kichwa chote nje. Aliuona mkono wa mke wake umenyooshwa, aliijua rangi ya kanga yake. Mbele ya mkono ule palikuwa na kijani, kijani kitupu, kimepakazwa toka ua hadi ukutani. Alikaza macho mpaka yakatoa machozi. Ingekuwa rahisi kusema nimemwona. Alikuwa amesema hivyo juu ya tundu la sindano miaka mitatu mfululizo.

"Unamwona?" mke wake akauliza, kidole bado kimenyooka.

"Hapana, mke wangu," Fundi akasema. "Sioni kitu. Niambie anafanyaje."

Mke wake akaanza kumweleza, mshono mmoja mmoja, na nesi akakaa na mikono kwenye usukani, akamsubiri amalize.